CH 701 kwenye kiwanja cha juu: upunguze uzito, uguse propela, uvue slati au ubadilishe injini?

Anayetaka ndege yake ya kujijengea iache ardhi mapema na kupanda kwa nguvu ana njia nne za kweli: kupunguza uzito, kurekebisha propela, kusafisha bawa (kuvua slati, vijibawa vya mbele ya bawa) na kuongeza injini. Kila njia ina watetezi wake, na ubishi huwa mrefu kwa sababu kila mmoja anazungumzia ndege tofauti kwenye kiwanja tofauti. Hapa tunashika ndege moja, Zenith CH 701, na mahali pamoja, Uwanja wa Wilson, Nairobi.

CH 701 ilisanifiwa na Chris Heintz miaka ya 1980 kwa ajili ya viwanja vifupi. Uzito wake wa juu ni pauni 1,100, yaani kilo 500, na injini inayofungwa sana ni Rotax 912, ya nguvu za farasi (hp) 80 (UL) au hp 100 (ULS). Kwenye usawa wa bahari haina malalamiko. Wilson iko karibu futi 5,500. Mchana wa nyuzi joto 26, hewa ya pale ni nyembamba sawa na ile ambayo vitabu vinaihesabu kuwa ya futi 8,000. ULS ya hp 100 inabaki na hp 76 hivi, na bawa linahitaji kasi halisi iliyozidi kwa asilimia 13 ili libebe mzigo uleule.

Tenganisha matatizo mawili kwanza

Mbio za ardhini na kupanda ni mambo mawili, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya jingine. Mbio za ardhini hutegemea msukumo wa propela ndege ikiwa imesimama au inatambaa, uzito, na kasi ambayo bawa linakubali kubeba. Kupanda hutegemea nguvu inayobaki baada ya kulipa ukinzani wa hewa, ikigawanywa kwa uzito.

Kwa kupanda kuna hesabu moja fupi ambayo tutaitumia mpaka mwisho. Kwenye ndege ya kilo 500, kila hp 1 ya ziada inayofika hewani kupitia propela ni takriban futi 30 kwa dakika. Chukua hp 76 za Wilson na propela inayofanya kazi kwa asilimia 62 katika kasi ya kupanda: hewani zinafika hp 47. Tukikadiria kwamba ukinzani unakula 27, zinabaki 20, yaani karibu futi 600 kwa dakika. Tarakimu za ndege yako zitatofautiana kidogo, lakini uwiano ni huo. Angalia jinsi masalio yalivyo madogo: ndiyo maana hp 3 zinazopotea mahali pasipoonekana huhisiwa mara moja.

Kwa mbio za ardhini, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza huwapa marubani wa ndege ndogo vizidishi vya umbali wa kuruka, kuanzia kusimama mpaka kufika futi 50 juu. Kila futi 1,000 za mwinuko ni 1.1. Kila nyuzi 10 za joto ni 1.1. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, 1.2. Majani makavu 1.2, majani yenye maji 1.3. Mwinamo wa asilimia 2 kuelekea juu, 1.1. Upepo wa mgongoni ulio sawa na asilimia 10 ya kasi ya kuacha ardhi, 1.2. Vizidishi hivi vinazidishana, havijumlishwi. Ndege inayohitaji mita 200 kwenye lami, usawa wa bahari, siku ya nyuzi 15, kwenye kiwanja cha majani makavu chenye mwinuko na joto la Wilson (nyuzi 22 juu ya kiwango cha kawaida cha mwinuko huo) itahitaji mita 500. Mamlaka hiyo inashauri kuongeza tena 1.33 kwa usalama: mita 665. Kama kiwanja chako kina mita 450, hakuna kijipezi cha bawani wala propela itakayofuta pengo hilo saa nane mchana. Ruka saa moja asubuhi, au acha abiria.

Uzito: njia ya bei rahisi inayodharauliwa

Kilo 30 kwenye kilo 500 ni asilimia 6. Ukiziondoa, ndege inapungua uzito na ukinzani unaotokana na kubeba unashuka pia. Katika hesabu yetu zile futi 600 zinakuwa karibu 690. Umbali wa kuruka nao unafupika kwa zaidi ya asilimia 10. Hakuna kifaa cha dukani kinachotoa faida pande zote mbili kwa gharama hiyo.

Kilo 30 zinatoka wapi? Petroli ina uzito wa takriban kilo 0.72 kwa lita. Lita 40 ambazo hukuzihitaji ni kilo 29. ULS inakunywa lita 18 hadi 19 kwa saa katika mwendo wa asilimia 75 ya nguvu, hivyo hizo ni zaidi ya saa mbili za kuruka. Anayefanya mizunguko ya uwanjani akiwa na tangi zilizojaa anabeba abiria asiyemlipa. Baada ya mafuta, betri: ya risasi na asidi kilo 6 au 7, ya lithiamu fosfeti ya chuma chini ya 2. Hakikisha regyuleta ya kuchaji inakubaliana na betri hiyo, la sivyo utaiunguza. Halafu sanduku la spana, zulia, taa za ziada, matairi makubwa yaliyonunuliwa kwa sababu ya sura, na koti la pili la rangi.

Kosa la kawaida ni kutopima. Ndege hunenepa mwaka hadi mwaka, na karatasi ya mizani bado ni ile ya siku ya kwanza. Weka mizani tatu chini ya magurudumu, ndege ikiwa sambamba, tangi zikiwa na mafuta yasiyotumika tu, kisha hesabu kitovu cha uzito upya. Kilo 5 zilizoondolewa puani, mita 1.5 mbele ya kitovu, hukirudisha nyuma sentimita 1.5, na kwenye ndege fupi kama hii hilo si jambo la kupuuza.

Propela: ya kurekebishwa chini au ya kubadilika angani?

Ndege nyingi za kujijengea zina propela ya kurekebishwa chini, na nyingi zimefungwa kwa pembe kubwa mno kwa sababu mwenyewe alitaka mwendo wa safari. Dalili ni rahisi. Funga mkia kwenye kigingi imara, weka vizuizi magurudumuni, elekeza pua kwenye upepo kidogo au siku isiyo na upepo, subiri oili ifike nyuzi 50, kisha sukuma throtoli hadi mwisho na usome mizunguko. Rotax haitaki throtoli kamili injini ikiwa chini ya 5,200 kwa dakika. Ukisoma 5,000, una propela ya safari. Kwa kupanda, lenga 5,400 hadi 5,600 ndege ikiwa imefungwa. Baadaye hakikisha kwamba katika mwendo wa usawa, throtoli kamili, haipiti 5,800. Kikomo cha 5,800 ni cha dakika 5. Cha kudumu ni 5,500.

Wengi hudhani faida yote inatoka kwenye mizunguko. ULS ina torki yake ya juu, Nm 128, kwenye 5,100, kwa hiyo kutoka 5,000 kwenda 5,500 unapata hp chache tu. Faida kubwa iko kwenye panga lenyewe: likiwa na pembe kubwa katika mwendo mdogo, hewa inaachana nalo na injini inachanganya upepo bila kuvuta. Ufanisi ukipanda kutoka asilimia 55 hadi 62, unapata zaidi ya hp 5 hewani, yaani futi 160 kwa dakika, bila kununua chochote.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Zima swichi zote mbili za cheche na uondoe ufunguo. Pima pembe kwa kipimapembe cha kidijitali mahali alipoelekeza mtengenezaji, mara nyingi karibu na robo tatu ya urefu wa panga. Punguza nyuzi moja kwa wakati. Nyuzi moja kwa kawaida hubadilisha mizunguko 200 hivi. Mapanga yote yalingane ndani ya nyuzi 0.2, kwani tofauti ndogo huleta mtetemo ambao fundi ataulaumu giaboksi. Kaza boliti kwa spana ya torki, kwa mzunguko wa kupishana, kwa kipimo cha mtengenezaji wa propela. Zikague tena baada ya kuruka mara ya kwanza. Utapoteza noti (maili za baharini kwa saa) chache za mwendo wa safari.

Jambo moja huwashangaza watu wa pwani wanaohamia bara: mizunguko ya ndege iliyofungwa haibadiliki sana kwa mwinuko. Hewa nyembamba huipunguzia injini nguvu, lakini hulipunguzia panga mzigo pia. Usidhani basi kwamba ukisoma 5,500 Wilson kama ulivyosoma Malindi, una nguvu ileile.

Propela ya kubadilika angani hutoa pembe ndogo wakati wa kuruka na kubwa safarini. Kuna za umeme, kama Airmaster ya New Zealand, na za haidroliki zinazohitaji Rotax ya toleo la 3, lenye shafti yenye tundu na sehemu ya kufungia gavana, kifaa kinachodhibiti pembe ya propela. Swali la kuuliza ni hili: mwendo wako wa kupanda na wa safari umetofautiana kiasi gani? CH 701 hupanda kwenye noti 50 hivi na kusafiri kwenye 70 na kitu. Pengo ni dogo, na pembe moja iliyochaguliwa vizuri inalihudumia. Kwa ndege inayosafiri noti 120 au 140, mizani inageuka kabisa. Kwa CH 701 yenye ULS, propela hiyo ni pesa nyingi na kilo za ziada puani kwa faida ambayo tayari umeipata kwa kipimapembe.

Kuongeza kipenyo? Kutoka inchi 68 hadi 72, kwa nguvu ileile, msukumo wa ndege iliyosimama unaongezeka kinadharia kwa takriban asilimia 4. Pima kwanza nafasi kati ya ncha na ardhi tairi la pua likiwa limepungua upepo, na hakikisha propela haizidi kikomo cha Rotax 912 cha kg·cm² 6,000 za ukinzani wa kuzungushwa. Giaboksi ndiyo italipa ukikosea.

Kabla ya kuhama hapa, angalia injini inavuta hewa kutoka wapi. Vichujio vilivyo wazi ndani ya kava hunyonya hewa ya nyuzi 60 wakati nje ni 30, na hiyo ni asilimia 5 ya nguvu. Bomba la kuleta hewa ya nje linakurudishia karibu futi 70 kwa dakika. Sawazisha na kabureta zote mbili.

Bawa: slati au vijipezi?

Hapa ndipo wenye CH 701 hugawanyika. Ndege inatoka ikiwa na slati, vile vijibawa vilivyosimama mbele ya bawa, visivyokunjwa. Vinaruhusu bawa kuinuka kwa pembe kubwa sana kabla ya stoli, yaani kabla hewa haijaachana na bawa na ndege kuanguka. Gharama yake ni ukinzani wa kudumu, kwa kuwa slati ziko pale hata unapopanda na unaposafiri. Baadhi ya wajenzi huzivua na kubandika mahali pake vijipezi vidogo vya kuvuruga hewa juu ya bawa, ili tabaka la hewa lililochoka lipate nguvu na kuendelea kushikamana.

Kwa kupanda, kuvua slati kunashinda. Ukiondoa hp 3 tu za ukinzani, ni futi 90 kwa dakika, na mwendo wa safari unaongezeka pamoja nazo. Kwa kiwanja kifupi mno, slati bado zina hoja: pembe ya juu zaidi, na tabia ya bawa ambayo msanifu aliihesabu na kuijaribu. Bawa la vijipezi hufika stoli kwa pembe ndogo zaidi, hivyo rubani aliyezoea kuinua pua kama ngazi atakutana na mpaka mapema. Vijipezi havina nguvu ya kuongeza kupanda vyenyewe. Ukivibandika bila kuvua slati, usitarajie kitu.

Anayechagua vijipezi afanye hivi. Vua slati pamoja na mabano yake na ziba matundu. Zihifadhi, unaweza kuzitaka tena. Bawa lina upana wa mita 1.4 hivi, pima asilimia 7 hadi 10 kutoka ukingo wa mbele, yaani sentimita 10 hadi 14, na chora mstari kwa uzi wenye chaki. Bandika vijipezi kwa jozi, kila kimoja kikiwa na pembe ya nyuzi 15 hivi dhidi ya mtiririko, nafasi kati ya jozi milimita 60 hadi 90. Tumia kielekezi cha kadibodi ili bawa la kushoto na la kulia vilingane. Tofauti ndogo itafanya bawa moja lidondoke kwanza kwenye stoli. Safisha alumini kwa alkoholi ya isopropili, tumia tepu nzito ya gundi pande mbili, na usiruke kabla ya saa 72. Bandika pia safu chini ya bawa la mkia. Mkia wa CH 701 umepinduliwa, unavuta kuelekea chini, na ukikosa nguvu wakati wa kutua polepole pua itaanguka.

Kisha jaribu stoli juu, futi 3,000 au zaidi kutoka ardhini, bila abiria, kwa kila nafasi ya flapu, na uandike kasi. Tarakimu za zamani hazina kazi tena.

Mtego mmoja unawahusu wote, wa slati na wa vijipezi. Bawa zuri la polepole linaweza kukutoa ardhini kwenye kasi ambayo injini yako haiwezi kukupandisha. Pwani nguvu za ziada zinakuokoa. Wilson, ukiinuka kwa noti 30 na kuendelea kuvuta fimbo, utaelea futi 10 juu ya njia mpaka njia iishe. Ukiacha ardhi, teremsha pua, kaa karibu na ardhi mpaka upate kasi ya kupanda, ndipo uinue.

Injini: UL, ULS au 914

UL ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,211, ULS 1,352, na kwa nje zinafanana karibu kila kitu. Kutoka hp 80 kwenda 100, msukumo wa ndege iliyosimama huongezeka kwa asilimia 16 hivi tu, lakini kwa hesabu ya Wilson kupanda kunatoka futi 315 kwa dakika hadi 600. Mwenye UL anayelalamika kuhusu kupanda kwenye nyanda za juu ana sababu. Kumbuka UL nyingi zina giaboksi ya 2.27 na ULS ni 2.43: kwenye 5,800 propela inazunguka 2,387 badala ya 2,555, kwa hiyo propela ya zamani haitafaa bila kurekebishwa, na pengine haitafaa kabisa. ULS pia inataka petroli ya okteni (RON) 95 au zaidi, UL inaridhika na 90. Ukiweka ya chini kwenye ULS itagonga, na pistoni hazisamehe. Avgas ya 100LL, petroli ya ndege, inakubalika, ila ina risasi: ukiitumia zaidi ya asilimia 30 ya muda, badilisha oili kila saa 25. Na kwa kuwa utapanda polepole kwa nguvu nyingi, tazama joto la oili. Kikomo cha ULS ni nyuzi 130.

Rotax 914 ni kitu kingine. Tabo yake (turbo, pampu inayosukuma hewa injini) inatoa hp 115 kwa dakika 5 na 100 za kudumu, na haipotezi nguvu hizo kwa mwinuko wa Wilson wala wa Eldoret. Katika hesabu yetu, hp 100 za kudumu zinakupa zaidi ya futi 1,000 kwa dakika mahali ambapo ULS inatoa 600. Bei yake haiishii kwenye injini. Haina pampu ya mafuta ya kuendeshwa na injini, ni za umeme tu, kwa hiyo umeme ukikata injini inazima: unahitaji pampu mbili na njia mbili za umeme. Wakati wa kuruka hunywa lita 33 kwa saa, ULS 27. Bomba la moshi na tabo huleta joto jipya ndani ya kava. Tena, kwa kuwa injini haipungukiwi nguvu huku hewa ikimpunguzia panga mzigo, propela ya pembe moja itakimbia kupita 5,800 ukipanda. Kwenye 914, propela ya kubadilika angani inaanza kuwa na maana.

| Njia | Mbio za ardhini | Kupanda, Wilson (futi kwa dakika) | Gharama | Kinachoharibika |
|---|---|---|---|---|
| Kilo 30 chini | faida kubwa | +90 | ndogo sana | kitovu cha uzito |
| Pembe ya propela | faida kubwa | hadi +160 | asubuhi moja | mizunguko kupita 5,800 |
| Hewa baridi ya injini | ndogo | +70 | ndogo | bomba kupasuka |
| Vijipezi, slati nje | sawa au hasara kidogo | +90 hivi | ndogo | tabia mpya ya stoli |
| Propela ya angani na ULS | ndogo | ndogo | kubwa | uzito puani, umeme |
| UL kwenda ULS | wastani | +285 | kubwa | petroli, propela |
| 914 | kubwa | +400 na zaidi | kubwa mno | pampu, joto |

Mwenye ULS kwenye kiwanja kirefu cha nyanda za juu, aanze na mizani na kipimapembe, kisha hewa ya injini, kisha avue slati. Mwenye ULS kwenye kiwanja kifupi cha pwani aache slati mahali pake na asitumie senti zaidi ya propela. Mwenye UL juu ya futi 5,000 afanye ya bei rahisi, apime, na kama bado hapandi zaidi ya futi 400 akiwa na watu wawili, aache kununua vifaa na aanze kuweka akiba ya ULS. 914 ni ya anayeruka kila wiki kutoka viwanja vya futi 6,000 na kuendelea akiwa na mzigo. Kurefusha mabawa hatukuweka kwenye orodha kwa makusudi: mhimili wa bawa ulihesabiwa kwa urefu wake, na hiyo ni kazi ya mhandisi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati na upime kabla na baada. Panda kutoka futi 1,000 hadi 2,000 juu ya kiwanja, throtoli kamili, kasi ileile, uzito uleule kwa kutumia mifuko ya mchanga iliyofungwa, mara mbili kwa mielekeo inayopingana ili upepo ujifute. Andika joto la nje na geji ya altitudo ikiwa kwenye hektopaskali 1013, maana tofauti ya nyuzi 8 kati ya Jumamosi mbili inatosha kuficha sehemu kubwa ya faida ya vijipezi. Ingiza badiliko kwenye kitabu cha ndege na zungumza na mkaguzi wa KCAA au TCAA (mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania) kabla ya kuruka. Kwa ndege iliyosajiliwa Marekani kama ya majaribio, badiliko kubwa huirudisha kwenye kipindi cha majaribio, kwa kawaida saa 5 au zaidi, bila abiria.